Tasnifu Iliyosukwa Saluni

Watu wakinipongeza nakubali. Nifanyeje? Mteja anaingia saluni, hajakaa hata kwenye kiti, anasema, "Hongera mama, tumesikia Chuo amemaliza," nami nasema asante, nachukua chanuo, namuuliza anataka mistari ya kwenda nyuma au ya kupanda juu. Hongera haifukuzwi mlangoni. Lakini yapo mengine yanayosemwa nikigeuza mgongo, kwamba yule mtoto alidanganya, kwamba kazi yake iliandikwa na mashine. Nimechoka kuyasikia nusu nusu. Naeleza mara moja jinsi ilivyokuwa, kisha nisiulizwe tena.

Chuo si jina lake. Wateja ndio waliompa, siku ilipojulikana kwamba amechaguliwa kwenda chuo kikuu, maana katika ukoo wetu mzima hapakuwa na mwingine. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alipofariki, mtoto alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba yake alisema anakwenda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, kwa sababu hakurudi kutuonyesha. Mume wangu naye akanitaka nichague, yeye au mtoto. Nikamwambia, mtoto hajui kutembea, wewe unajua. Akatembea.

Mimi darasani sikuingia. Aliingia dada, mimi nikabaki na wadogo zetu, na jioni alikuwa akinifundisha herufi kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Ndiyo elimu yangu yote. Nasoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Kwa hiyo mtoto wake alipoanza kusoma vizuri, nilimpa kazi ya kunisomea: maelezo ya dawa za nywele, matangazo, magazeti ya kufungia vitu. Alikua akisoma kwa sauti pembeni ya kiti cha wateja, na wateja wakamzoea kama redio.

Mwaka wa mwisho wa chuo ndipo lilipokuja hilo la tasnifu. Tasnifu ni kitabu ambacho kila mwanafunzi lazima aandike mwenyewe kabla ya kuhitimu. Anachagua jambo, analichunguza, anaandika alichokiona, na mwalimu mmoja anapewa kumsimamia. Isipokubaliwa, hakuna kuhitimu, miaka yote imekwenda na maji. Yeye alichagua jinsi wafanyabiashara wanavyokusanya takwimu za wateja na kutumia akili bandia kuwauzia vitu.

"Akili nini?" aliuliza Mama Pacha siku aliyotutajia. Mama Pacha ni mteja wangu wa tangu zamani, ulimi wake wembe na nywele zake msasa.

"Akili bandia."

"Nywele bandia anauza mama yako mdogo. Kucha bandia hizi hapa. Meno bandia anayo mkwe wangu. Sasa hata akili? Inabandikwa wapi?"

"Haibandikwi, shangazi. Iko ndani ya kompyuta. Inaangalia ulichonunua jana, inakisia utakachonunua kesho."

"Basi mnunulieni mume wangu. Yeye hata cha jana hakumbuki."

Tulicheka mpaka nikapoteza mstari. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Alipoanza kuandika, alikuja na karatasi ya kwanza akanisomea nikiwa nasuka. Naikumbuka sentensi yenyewe kwa sababu ilinikaba kama mfupa: "Matumizi ya takwimu katika uchakataji wa mienendo ya walaji huwezesha uboreshwaji wa ulengaji wa kampeni." Vidole vyangu vikasimama kichwani kwa mteja.

"Mbona umesimama, mama mdogo?"

"Sijui. Nimepotea."

"Umepotea kwenye nywele au kwenye maneno?"

"Kwenye maneno. Kwenye nywele sipotei."

Aliikata ile sentensi kwa kalamu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaandika nyingine. Akasoma. Vidole vikaenda kidogo, vikasimama. Akakata tena. Mara ya tatu ilikuwa hivi: "Duka lenye takwimu humkumbuka mteja hata mteja akijisahau mwenyewe." Mkono haukusimama. Mama Pacha, aliyekuwa akisubiri zamu, akasema, "Hapo kweli. Lile duka la simu linanijua kuliko mama mkwe."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Nasuka, anasoma, haangalii uso wangu, anaangalia mikono. Mkono ukisimama, sentensi inakufa. Nilimwambia mimi si kipimo, mimi ni mjinga wa hayo mambo. Akasema, "Ndiyo maana, mama mdogo. Msimamizi wangu anajua tayari, hata nikiandika vibaya atajaziliza mwenyewe. Wewe hunijazilizii." Kisha karatasi zilizokatwakatwa alizifinyanga na kuzitupa kwenye kapu la nywele. Jioni nilifagia nywele na karatasi pamoja, nikamwaga jalalani. Nani angejua kwamba siku moja tungedaiwa ushahidi?

Kitabu kizima kilipita hivyo. Alikwenda kwenye maduka, akaongea na wenye saluni wanaotumia simu kuwakumbusha wateja, akarudi akaandika. Aliandika jinsi mashine inavyomtumia mjane ujumbe wa kununua viatu vya mume, kwa sababu takwimu hazijui msiba. Hapo mteja aliyekuwa kitini alilia, ikabidi nimfute machozi kwa taulo la saluni. Nilifikiri, haya, mtoto wa dada yangu ameandika kitabu na mtu amelia. Nilijiona kama niliyezaa.

Kompyuta hatukuwa nayo. Jirani yetu ni fundi wa kompyuta, ana kiduka cha kuchapa na kutengeneza mashine. Alimpa nafasi mchana wakati hakuna wateja. Mtoto akapeleka karatasi zake safi, zile za mwisho, akazichapa moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho, bila kufuta wala kurudi. Ukurasa wa shukrani alinisomea kabla hajachapa. Ulisema: "Namshukuru mama yangu mdogo, ambaye kila sentensi ya kazi hii ilipita mikononi mwake." Nilijifanya natafuta kibanio sakafuni.

Akapeleka. Tukasubiri.

Siku aliyorudi kutoka kwa msimamizi, aliingia saluni akakaa kwenye ile ndoo bila kusalimia. Nilikuwa na mteja, nikamwacha. Mteja alipoondoka nikamuuliza.

"Amesema nini mwalimu?"

"Amesema sikuandika mimi."

"Kaandika nani?"

"Mashine. Akili bandia."

Nilidhani ni utani, nikasubiri acheke. Akanieleza. Chuoni wana programu, unaitia kazi ya mwanafunzi nayo inakwambia kama imeandikwa na mtu au na mashine. Ilisema karibu yote ni mashine. Msimamizi hakuwa mkali. Alimwambia ana wanafunzi wengi, wengi wao wanadanganya kweli, naye macho yamemchoka. Alimfungulia ukurasa akamwonyesha: "Tazama. Sentensi zako zimenyooka mno. Hakuna pa kujikwaa. Mwanafunzi wa kawaida hujikwaa." Akamwonyesha na faili lenyewe, kwamba maneno yaliingia yakiwa kamili, hakuna mahali alipofuta. Akamwomba rasimu zake za mwanzo.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia zilikwenda jalalani na nywele." Akaniangalia. "Akacheka, mama mdogo. Si kwa ubaya. Alidhani ni msemo."

Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta kumuuliza kama mashine inaweza kukosea namna hiyo. Alikuwa ameshika bisibisi mdomoni, akaitoa. "Inakosea kila siku, dada. Lakini ikikosea yenyewe inaitwa bahati mbaya. Ukikosea wewe unaitwa mwongo."

Walimu wakamwita mbele ya kamati ya idara. Akaniomba twende wote. "Wewe ndiye shahidi wangu," aliniambia. "Utawaambia tulivyokuwa tunafanya. Wakitaka nitasoma mbele yao, waone mikono yako." Nilifunga saluni siku hiyo. Nilivaa gauni la kitenge lililobaki la heshima, nikachana nywele zangu mwenyewe, jambo ambalo wasusi tunalisahau. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa nayo matatu manne mazuri. Nilitaka niseme: mimi sikusoma, na ndiyo sababu maneno yake yamenyooka, yalikuwa yananitafuta mimi.

Tulikaa kwenye benchi la koridoni, chini ya ubao wa matangazo. Mlango ukafunguka akatoka kijana wa darasa lao, shati limelowa kwapani, lakini usoni amepumua.

"Vipi?" Chuo akamuuliza.

"Nimekiri. Wamenipa nafasi ya kuandika upya."

"Lakini wewe kweli ulitumia."

"Nilitumia, ndiyo. Yule aliyenitangulia hakutumia, akabisha. Wamempeleka kamati ya nidhamu. Hiyo inakaa mwakani." Akainama kidogo kumnong'oneza, ingawa mimi nilisikia. "Sikiliza, hapa ndani hawatafuti aliyetenda. Wanataka kumaliza orodha. Ukikiri unatoka, ukibisha unabaki. Shikamoo mama," akaniambia mimi, akaondoka.

Chuo aliutazama mlango. Alikuwa akikunjua na kukunja kona ya begi lake. Nikamgusa goti. "Usiogope. Nipo."

Tukaitwa. Walikuwa watatu: msimamizi wake, mkuu wa idara, ambaye ni mama wa makamo yangu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na bwana mmoja wa kuandika kwenye kompyuta. Walinikaribisha vizuri. Mkuu wa idara akanivutia kiti yeye mwenyewe.

"Na mama huyu ni nani?"

"Ni mama yangu mdogo," alisema Chuo.

"Karibu sana mama. Amekuja kuhusu shauri hili?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Chuo akasema, "Hapana. Amenisindikiza tu."

Nikafunga mdomo.

Mkuu wa idara akamuuliza kama alitumia akili bandia kuandika tasnifu yake. Nilimwangalia mtoto wa dada yangu shingoni, pale nilipokuwa nikimpaka mafuta alipokuwa mdogo. Palikuwa panapigapiga.

"Nilitumia," alisema. "Si yote. Mawazo ni yangu. Niliitumia kunyoosha lugha."

"Kunyoosha lugha," bwana wa kompyuta akarudia, akaandika.

"Ahsante kwa ukweli wako," alisema mkuu wa idara, na alimaanisha, sauti yake ililainika kabisa. "Wengi hawana ujasiri huo."

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Naijua, niliikalia. Lakini ningesema nini? Kwamba si mashine iliyonyoosha, ni mimi? Ningemfanya mwongo mbele ya watu waliokuwa wametoka kumsifu kwa ukweli, na ile kamati nyingine ingemmeza. Basi nikakaa na maneno yangu matatu manne kama mtu aliyebeba mtungi kwenda kisimani akakuta kisima kimefunikwa. Nikawaaga kwa heshima. Msimamizi akatufungulia mlango.

Tulitembea mpaka nje ya geti ndipo akaongea.

"Mama mdogo, ulitaka niseme nini?"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo. Hujasema kitu tangu mle ndani."

"Wewe ndiye uliyesema nimekusindikiza. Anayesindikiza huwa haongei, anatembea."

Alilia barabarani, watu wanapita. Nilimshika mkono kwa sababu ni mtoto wangu. Lakini moyoni nilikuwa nimemwacha mle ndani, au yeye ndiye aliyeniacha, sijui. Katika maandishi yao imeandikwa kwamba lugha ilinyooshwa na mashine. Mume aliniita mzigo, shemeji, baba yake Chuo, aliniita yaya, nikazoea. Mashine sikuwahi kuitwa, na aliyeniita ni huyo niliyemlea.

Kuandika upya alipewa muda mfupi. Hakukaa tena kwenye ndoo. Alikaa kwa fundi wa kompyuta, na mimi nilikuwa nikisikia vidole vyake vikigonga kupitia ukuta. Siku moja akaja saluni kuchukua ufunguo wa nyumbani, ameshika karatasi. Mama Pacha alikuwa kitini.

"Chuo, umetususa. Tusomee basi, kichwa kinaniuma na mama yako leo hachekeshi."

Akasita. Kisha akasoma, amesimama mlangoni. "Kimsingi, matumizi ya takwimu katika uchakataji wa mienendo ya walaji, kwa namna moja au nyingine, huweza kupelekea uboreshwaji."

Vidole vyangu vikasimama.

Aliviona. Alivitazama kabisa, kama zamani. Kalamu ilikuwa sikioni mwake, hakuishika.

"Mkono umesimama," nilimwambia.

"Najua."

"Hukati?"

"Ndivyo inavyotakiwa sasa, mama mdogo. Isiponyooka ndipo itakuwa yangu."

Mama Pacha aliuliza, "Huyo mjane wa viatu bado yumo?"

"Nimemtoa. Alikuwa amenyooka sana."

Akachukua ufunguo akaenda. Mama Pacha akageukia mlango, akasema, "Mwambie akirudi, yule mjane alikuwa mzuri." Sikumwambia.

Mengine nilielezwa na fundi wa kompyuta, naye alinieleza kwa kuwa alidhani najua. Muda ulimbana mtoto. Kila alipoharibu kwa mkono wake, ile programu ya chuoni, waliyomruhusu kujipimia, ilikataa, ikasema bado ni mashine. Alikuwa amezoea kuandika wazi, hata akikusudia kukosea alikosea vizuri. Mwishowe fundi akamwonyesha akili bandia nyingine, ambayo kazi yake ni kuchukua maandishi na kuyakwaruza yaonekane ya mtu. Akaitia tasnifu mle. Ikatoka imekwaruzika. Programu ya chuo ikasema: hii ameandika mtu.

"Alifurahi?" nilimuuliza fundi.

"Alizima kompyuta, dada. Alisahau hata kuniaga."

Kwa hiyo wanaosema mtaani kwamba kitabu kiliandikwa na mashine hawasemi uongo. Wamekosea kitabu tu. Kile alichokiandika kwa mkono kilikataliwa, na hicho cha mashine ndicho kilichomhitimisha. Msimamizi alipokisoma alimwambia, "Sasa nasikia sauti yako." Mtoto alinisimulia hilo mwenyewe, akiwa anakula, bila kuniangalia.

Alifaulu, alama za chini kabisa za kufaulu, kwa sababu ya kosa alilokiri. Siku ya kuhitimu nilikwenda, nilipiga vigelegele kama wengine. Mtoto wa dada yangu akivaa joho, nani atakaa kimya? Dada angekuwepo angefanya hivyo hivyo, naye angejua kusoma jina kwenye ubao kabla halijatajwa.

Sasa ana kazi mji mwingine, kwenye kampuni inayotuma matangazo kwa wateja wa watu. Anapanga ujumbe uende kwa nani na lini, mashine inautunga. Hunipigia mara chache, lakini ujumbe hunitumia kila Jumapili, asubuhi ile ile, maneno mazuri, yamenyooka, hakuna pa kujikwaa. Kidole changu hakisimami popote. Ndiyo maana sijui nani anauandika, na kumuuliza siwezi, maana najua ilivyo kuulizwa.

Nakala ya tasnifu aliniletea, ina jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Nilijaribu kuisoma kwa kidole, nikakwama kwenye ukurasa wa kwanza. Nikarukia shukrani, kwa kuwa zile nilizijua. Nilizikuta zimebadilika. Haikuwezekana ziachwe, naelewa, zingepingana na alichokiri. Anamshukuru Mungu, anamshukuru msimamizi kwa maelekezo, anawashukuru wanafunzi wenzake, kisha chini: "Na mama yangu mdogo, kwa kunisindikiza."

Nimeiweka rafu ya juu, nyuma ya pakiti za nywele bandia, isichafuke. Juzi Mama Pacha aliiona nikishusha pakiti.

"Ndicho kile kitabu chetu?"

"Hapana," nilimwambia. "Hicho ni kingine. Inamisha kichwa."